Mtoto Asiyepata Homa

Gurei, Juba
9 Februari 2024

Kwako Ajak, mtu wa popo,

Natumaini u mzima, wewe na popo wako. Barua hii inaletwa na jirani yangu Kisakye, Mganda mwenye duka la vitenge hapa Gurei. Anaenda Kampala kufuata mzigo na ameahidi kuitia kwenye basi la Nairobi. Usiniulize kwa nini sikutumii ujumbe kwa simu. Simu ya nyumba hii ni moja, na anayeishika ni mama mkwe, mama yake Bior, na kila inapolia anataka kujua ni nani na anataka nini. Tangu upate ile nafasi ya shule ya bweni ukaniacha mimi rafiki yako kambini Kakuma tumekuwa watu wa barua, basi tuendelee.

Nyumbani si kuzuri. Mwanangu wa kwanza, Apajok, amefariki miaka minne sasa, na mama mkwe bado ananiangalia kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Anasema damu yangu haishiki watoto. Mwezi jana Kuach alitoka jipu pajani, kubwa, akaacha kucheza akawa wa kulala tu. Mama mkwe akamwambia Bior mbele yangu kwamba mtoto huyu naye akienda, mimi nirudishwe kwa watu wangu na aoe mwingine. Watu gani? Unajua mwenyewe watu wangu wote walikuwa mama, na mama yuko makaburini Kakuma.

Ila namshukuru Mungu kwa jambo moja. Kuach ana miaka mitatu na hajawahi kupata homa. Watoto wa majirani mvua ikinyesha tu wanachemka, wangu mwili ni baridi kama mtungi wa udongo. Hata na lile jipu hakuchemka. Muuguzi wa kliniki alimpima joto, akasema mtoto asiye na homa hana ugonjwa, tukarudishwa nyumbani. Mimi hujisifu naye kwa akina mama wa kanisani mpaka wamenichoka.

Niandikie. Niambie na wewe utaolewa lini, au umeshaolewa na popo.

Dada yako,
Athok


Nairobi
27 Februari 2024

Athok dada yangu,

Nimesoma barua yako na sikucheka hata pale ulipotaka nicheke.

Nijibu swali moja kwanza, na unisamehe kwa kuliuliza. Apajok alipokuwa anaumwa, alikuwa na homa?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Kazi yangu si popo peke yao. Tunalinganisha jeni za wanyama wanaonyonyesha, ng'ombe, mbuzi, nyati, popo na sisi watu, zile zinazoupa mwili habari kwamba vijidudu vimeingia. Mwambie Bior hivi, ataelewa haraka kwa sababu ni mtu wa redio jeshini pale Bilpam: mlangoni mwa kila chembe ya mwili kuna walinzi. Kwa mamilioni ya miaka walinzi hao wamezaliana na kupungua, mnyama mmoja ana hawa, mwingine amewapoteza wale. Lakini karibu wote wanaripoti kwa mjumbe mmoja, na huyo mjumbe hajabadilika sana kwa mnyama yeyote niliyempima. Yeye ndiye anayepiga redio makao makuu. Homa ni jibu la makao makuu. Homa ni msaada, Athok, si adui.

Mtoto mwenye jipu la usaha bila homa ananitia hofu. Mpeleke hospitali kubwa, usikubali kurudishwa. Waambie wasitazame kipima joto, watazame mtoto. Halafu nitumie mate yake, ya kwako na ya Bior. Vijiti na vichupa viko kwenye bahasha hii, nimeandika majina juu. Profesa wangu amekubali, na daktari wa watoto hapa ataangalia majibu.

Ajak


Gurei
19 Machi 2024

Ajak,

Vichupa hivyo hapo. Bior alitema mate huku anacheka, akasema jeshini wamemtaka vitu vingi lakini mate bado. Amemnunulia pia Kuach viatu, vyekundu. Nakuambia haya ujue kwamba mume wangu ni mtu mwema na tunapendana, majibu yakija usije ukamfikiria vibaya.

Hospitali walikataa kwanza. Nikakaa chini mlangoni na Kuach mapajani mpaka daktari mmoja mzee, Pitia jina lake, akainama akalibonyeza lile jipu. Alimlaza papo hapo. Alisema usaha ulikuwa unaelekea mfupani. Sasa anatembea, anachechemea kidogo.

Umeniuliza kuhusu Apajok. Nilitaka kukuandikia kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Alikuwa anakohoa na hataki kula, na mimi nilimshika paji la uso asubuhi, mchana na jioni, na kila nilipomshika nilisema afadhali, hana homa. Nilimfunga mgongoni nikaenda kufundisha watoto wa chekechea. Nilipomfungua alikuwa amekwisha. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa nasema afadhali.

Athok


Nairobi
11 Juni 2024

Mpendwa Athok,

Majibu yametoka na daktari ameyathibitisha. Ni yule mjumbe. Kwa Kuach hafanyi kazi, na naamini kwa Apajok ilikuwa vivyo hivyo.

Tulia nikueleze, maana kuna habari njema ndani yake. Watoto wa namna hii wako wachache duniani, lakini wanajulikana. Hatari yao ni utotoni. Wakishafika miaka kumi na minne hivi, mwili unakuwa umejifunza kujilinda kwa njia nyingine, na wengi wanaishi kama watu wengine. Kazi yako ni kumfikisha huko. Kuna dawa, septrini na penisilini, kila siku ya Mungu, hata akiwa anaruka na kucheka. Kuna chanjo za ziada, nimemwandikia Daktari Pitia. Na akikohoa au akilegea, hospitali saa ileile, awe wa moto au wa baridi. Usimshike paji la uso tena. Mkono hauna la kukuambia kwa mtoto huyu.

Na sasa lile linalokutesa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama, moja ya baba. Wewe una moja nzima na moja mbovu, Bior naye vilevile. Kuach amechukua mbovu zote mbili, na zimeharibika mahali palepale. Maana yake uharibifu ulianza kwa mtu mmoja wa zamani ambaye ni babu yenu nyote wawili, ukashuka kwako na kwa Bior. Kwa hiyo mama mkwe aache kukusema. Damu yako haina kosa kubwa kuliko ya mwanawe. Mmegawana sawasawa.

Pole kwa Apajok. Mama yeyote angesema afadhali.

Ajak


Gurei
2 Julai 2024

Ajak, Ajak, Mungu akuzidishie,

Nimelia mpaka nimechoka, halafu nikaoga, nikavaa gauni la Krismasi. Miaka minne nimebeba mzigo huu peke yangu, na wewe umenitua kwa ukurasa mmoja.

Sikungoja Bior arudi. Mama mkwe alikuwa na wageni chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli uani, akina mama wa kwao Bor, wanakunywa chai. Nikasimama katikati yao na barua yako nikawatafsiria yote kwa Kijieng, lugha yetu ya Kidinka, neno kwa neno. Nilipofika pale pa babu mmoja nilipaza sauti ili asikie vizuri. Nikamwambia, mama, si damu yangu peke yangu, ni ya mwanao pia, tumeitoa kwa mtu mmoja!

Mama mkwe aliweka kikombe chini na kuniomba kwa upole kabisa nirudie sehemu ile, nami nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo ni kweli." Jioni alijifungia chumbani. Nadhani aibu imemshika. Amempigia simu Manyang, mdogo wa marehemu baba yake Bior, aje kutoka Bor, na ninavyoona anataka mzee awepo wakati wa kuniomba radhi.

Kuach anameza dawa bila shida, nampa na asali ya Yei. Amenenepa, mashavu yamerudi. Ametimiza miaka mitatu na nusu, nimebakiwa na kumi na nusu tu ya kumlinda. Nitaiweza.

Mwenye furaha,
Athok


Nairobi
16 Julai 2024

Athok,

Kisakye amenipigia simu kwamba anaondoka Kampala kesho, na basi ni la leo, kwa hiyo naandika mbio. Mwambie mama mkwe kwamba nilikosea. Mwambie majibu bado hayajakamilika. Mwambie lolote, ila asibaki na neno lile la babu mmoja.

Wewe na mimi tumekulia Kenya, na nimekaa maabara mpaka nikasahau mimi ni mtoto wa nani. Hukumbuki akeeth? Watu wenye damu moja wakioana, watoto wao hufa. Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyosema, na dawa yake ni kuwatenganisha mume na mke. Kwenye harusi yenu pale Kakuma walihesabu mababu na upande wa bibi mzaa mama yako hakukuwa na mtu wa kuutaja, na huyo Manyang alilalamika, nilikuwepo. Umempa alichokuwa anakikosa. Mimi ndiye nimempa.

Babu ninayemsema mimi ni wa zamani sana, si wa ukoo. Nitapima tena kuonyesha ni wa zamani kiasi gani. Usikubali kikao chochote kabla hujapata barua yangu nyingine.

Ajak


Mangateen, Juba
8 Septemba 2024

Ajak,

Barua yako ilinikuta sina tena nyumba ya kuisomea. Kisakye alinitafuta mpaka akanipata huku Mangateen, kwa Achai, mama mmoja wa kanisa letu, ananihifadhi katika chumba cha watoto wake.

Kikao kilikuwa cha asubuhi moja tu. Manyang hakuwa mkali, usimfikirie vibaya, alizungumza kama mtu anayetuhurumia. Alisema Apajok aliuawa na undugu wetu na Kuach naye atauawa nao kama hatuachani. Ungemjibu nini? Nilikuwa nimekwisha kuwatangazia mwenyewe, na gauni la Krismasi nikavaa. Niliwaambia kuhusu mjumbe na walinzi. Manyang akasema ndiyo, mwanangu, ni hicho hicho, nyinyi wa shule mnakiita hivyo na sisi tunakiita hivi.

Walileta kondoo dume wakampasua katikati kwa urefu, kichwa mpaka mkia, Bior upande huu, mimi upande ule. Wakatunyunyizia maji. Bior hakunitazama. Manyang akamwambia tangu leo huyu ni dada yako.

Kuach ni wa ukoo wa baba. Mama mkwe amemchukua kijijini, karibu na Bor. Nilimfunga mfuko wa dawa shingoni kwa mikono yangu na nikamweleza haboba, bibi yake, nikamweleza tena, naye akawa anaitikia tu. Gari lilipoanza kuondoka mtoto alidhani nami nitapanda. Alinisogezea nafasi.

Nikamshika Bior mkono. Akaniambia, "Dada, dawa haitakatika." Dada, Ajak. Mume wangu.

Siwezi kuendelea.

Athok


Nairobi
21 Oktoba 2024

Kwa Bior,

Sisi hatujawahi kuandikiana. Naandika kwa sababu mtoto wako yuko hatarini, na kwa sababu lililotokea limetoka kwenye kalamu yangu.

Nimepima tena. Watu wakiwa ndugu wa karibu, hawafanani mahali palipoharibika tu, wanafanana kipande kirefu kuzunguka hapo, kwa sababu vizazi havijapata muda wa kukichanganya. Chenu ni kifupi mno. Huyo babu aliishi kabla ya ukoo wowote ambao mzee Manyang anaweza kuutaja, huenda kabla hatujaitwa Wajieng. Ukienda nyuma zaidi, mimi na wewe na ng'ombe na popo wangu tuna bibi mmoja, mjumbe wetu tulimrithi kwake, na hakuna mzee anayetutenganisha na ng'ombe. Wewe na Athok si ndugu. Nilipaswa kupima hilo kabla ya kufungua mdomo.

Lakini hata wazee wasiponisikia, wewe nisikie hili. Kuwatenganisha hakumponyi Kuach. Dawa ni kila siku. Na akilegea, usingoje homa. Haitakuja.

Ajak


Bilpam, Juba
14 Januari 2025

Dada Ajak,

Kuach amefariki tarehe saba Desemba. Barua yako niliipata wiki ya Krismasi niliporudi kambini.

Nataka ujue ilivyokuwa. Mama yangu aliacha kumpa dawa baada ya zile za kwanza kwisha. Alisema jambo limeshapasuliwa, mtoto amepona, dawa ni ya mgonjwa. Hakufanya kwa ubaya. Alimpenda sana, alikuwa anamlaza kitandani kwake. Nilituma nyingine na zilibaki kwenye mfuko.

Nilipewa ruhusa mwanzo wa Desemba nikaenda. Alikuwa amelala chini kwenye mkeka, anakohoa kidogo, hakuinuka kunipokea. Nilimshika paji la uso. Lilikuwa la baridi. Mama yangu akasema, "Unaona? Hana kitu." Na mimi nilikuwa nimeambiwa, dada. Athok alinieleza kwa kinywa chake, na ule mfano wa redio mimi ndiye nilikuwa nawaelezea wenzangu. Lakini mkono ulishika baridi na moyo ukatulia. Nikakaa naye siku ile, nikarudi kazini. Alifariki mimi nikiwa njiani, nikageuza kwenda kuzika.

Tulimzika kulekule. Manyang alisema nisimwite Athok, kwamba akikanyaga kaburi akeeth itafufuka na kuua watakaozaliwa. Nilitii. Mpaka leo hajui. Nimefika Mangateen mara nyingi, namwona anaanika nguo za watoto wa watu, nageuka. Tafadhali mwandikie wewe.

Wazee nimewasomea barua yako. Manyang alilia. Anasema kama hakuna undugu basi mke arudi.

Bior


Mangateen
16 Februari 2025

Kwa Bior,

Barua ya Ajak ilinifikia kupitia Kisakye. Alikuwa ameshaambiwa yaliyomo, kwa hiyo hakunikabidhi tu akaenda zake. Alifunga duka, akaketi nami chini, akasema, "Mama Kuach, mimi iko hapa, wewe lia tu, mimi haina haraka." Alikaa mpaka watoto wa Achai wakatoka shule. Ni mgeni wa nchi hii, anauza vitenge.

Juzi ulikuja ukasimama langoni. Uliniambia sisi si ndugu, imepimwa, Manyang amekubali, twende nyumbani. Ulikuwa umevaa shati nililokushonea. Sikuweza kukujibu kwa sababu nilikuwa nakutazama na bado nakupenda, na nikifungua mdomo ningekufuata.

Sikulaumu kwa mkono wako. Mimi pia nilimshika Apajok nikasema afadhali. Hilo tunalo sote wawili na hakuna atakayetupunguzia. Mama yako simlaumu, alifanya alichofundishwa, na mimi ndiye niliyepeleka maneno kwenye chai yake. Usiku nikikosa usingizi nawaza angalau Kuach hakulala peke yake.

Ila kuna jambo moja nimelitafutia mahali moyoni mwangu nisilipate, na ndilo linanizuia kuja. Nimejaribu, Bior, kweli nimejaribu.

Mzee alisema mimi ni dada yako, nikakubali. Uliniita dada, nikaitika. Niliachia ndoa, nyumba na mtoto, ili mtoto aishi. Halafu mtoto akafa, na ulikuja ukaniona naanika nguo, ukageuka, si mara moja. Nilikuwa namshonea suruali ya Pasaka. Nilikuwa nahesabu miaka aliyobakiza, wakati nyinyi mmeshamaliza kumlilia.

Hata kwetu sisi tuliokulia kambini, dada wa mwenye msiba huitwa. Hata asiyependwa huitwa, akapewa mahali pa kukaa kwenye matanga.

Mimi hamkuniita kama mke, na hamkuniita kama dada.

Mama yao Apajok na Kuach